Robinson Crusoe: Riwaya Iliyotokana na Ugomvi wa Baharini

Tarehe 25 Aprili 2019 riwaya ya Robinson Crusoe ilitimiza miaka 300 tangu William Taylor alipoichapisha London. Mwandishi wake, Daniel Defoe, alikuwa anakaribia umri wa miaka 60. Alikuwa mfanyabiashara aliyewahi kufilisika, na mwaka 1703 alitiwa mikataleni hadharani kwa sababu ya kijitabu chake. Kitabu hakikutaja jina lake. Kilitolewa kama masimulizi ya Crusoe mwenyewe, aliyeishi kisiwani miaka 28.

Chimbuko linalotajwa zaidi ni mkasa wa Alexander Selkirk, baharia wa Uskoti. Mwaka 1704 merikebu yake, Cinque Ports, ilitia nanga Más a Tierra, kisiwa kisicho na watu katika Bahari ya Pasifiki. Selkirk alimwambia nahodha Thomas Stradling kwamba chombo kimeoza na kinavuja, na kwamba ni heri abaki pale kuliko kuzama nacho. Stradling alimtimizia neno lake. Selkirk alishushwa pwani na bunduki, baruti kidogo, shoka, kisu, sufuria na Biblia. Alipoona wenzake wanaondoka alijuta na kuomba arudishwe, lakini nahodha alikataa. Baruti ilipomwishia alikimbiza mbuzi kwa miguu, na alifuga paka ili wamkinge na panya. Baadaye Cinque Ports iliangamia kweli, na walionusurika wakafungwa na Wahispania. Februari 1709 nahodha Woodes Rogers alimkuta Selkirk amevaa ngozi za mbuzi na akisema kwa shida. Rogers alichapisha habari zake mwaka 1712.

Defoe alikihamishia kisiwa karibu na mlango wa mto Orinoco, katika Atlantiki, na kukitia fikra za Zama za Mwangaza. Mwanafalsafa John Locke alikuwa amefundisha kuwa mali huzaliwa na kazi ya mtu. Crusoe anajenga ua, anapanda shayiri, anatunza kalenda, anapima mema na mabaya yake kama hesabu za duka, na kujiona mmiliki wa kisiwa. Mwaka 1762 mwanafalsafa Rousseau aliichagua riwaya hii iwe kitabu cha kwanza cha Émile, mwanafunzi wake wa kubuni.

Chimbuko jingine linalowezekana, Ibn Tufayl wa Andalusia, hutajwa mara chache mno. Katika karne ya 12 aliandika kisa cha Hayy ibn Yaqzan, mtoto aliyelelewa na paa kisiwani hadi akamjua Mungu kwa akili yake. Tafsiri ya Kiingereza ya Simon Ockley ilitoka mwaka 1708, miaka 11 kabla ya Crusoe, na mchango huo unastahili heshima.

Riwaya hii pia ina upande wa giza. Crusoe, aliyewahi kuwa mtumwa Morocco, anamuuza Xury, kijana aliyetoroka naye. Merikebu yake inavunjika akielekea Guinea kutafuta watumwa, na Friday, mtu anayemwokoa kisiwani, anafundishwa kumwita Bwana. Mwandishi J.M. Coetzee alilihoji jambo hilo katika riwaya yake Foe, mwaka 1986.

Mwaka 1966 Chile ilikipa kisiwa cha Más a Tierra jina la Robinson Crusoe, na jina la Selkirk likapewa kisiwa kingine cha visiwa vya Juan Fernández. Lakini matoleo mengi ya riwaya hiyo kwa watoto huacha habari za utumwa. Riwaya isomwe nzima, kwa sababu ndani yake sifa za akili na kazi zinaishi pamoja na biashara ya watu, kama zilivyoishi katika Ulaya ya Defoe.