Tabora na Ushuru wa Njia

Tabora haina bandari, haina ziwa, wala mto wa maana. Iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, imezungukwa na misitu ya miombo, na mvua yake ni ya msimu mmoja. Kilichouzaa mji huu ni njia. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilipofika hapa iligawanyika: mingine ikashika njia ya Ujiji, mingine ya Karagwe na Buganda. Vita vingi vilivyopiganwa hapa karne ya 19 vilitokana na swali moja: nani aitawale njia hiyo na kutoza ushuru wake?

Wenye nchi walikuwa watemi wa Unyanyembe. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, Novemba 1857, waliwakuta Waarabu wamekwisha kujenga matembe yao chini ya mtemi Fundikira. Fundikira alipofariki akatawala Mnywa Sere, naye akataka wafanyabiashara wale walipe ushuru. Wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sere hakusalimu amri. Alipigana nao akiwa hana makao hadi alipouawa mwaka 1865. Mwaka 1871 ikawa zamu ya Mirambo wa Urambo, aliyeifunga kabisa njia ya Ujiji. Stanley, ambaye wakati huo alikuwa akimtafuta Livingstone, aliingia vitani upande wa Waarabu. Wakapigwa, na ikambidi azungukie kusini ndipo afike Ujiji.

Vitabu vingi vinawatukuza wasafiri hao na kuwapita haraka wapagazi. Hiyo si haki. Vijana wa Kinyamwezi ndio waliobeba pembe za ndovu mabegani hadi pwani, wakarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Njia hiyohiyo ilipitisha pia watumwa, na hilo lisifichwe. Livingstone mwenyewe alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, tangu Machi hadi Agosti 1872, akisubiri watu wa kumbebea mizigo. Bila wao asingeweza kuondoka.

Wajerumani walipokuja, mtemi Isike aliwapinga kwa silaha. Januari 1893, ngome yake ilipokuwa ikiangukia mikononi mwao, aliwasha baruti ajilipue kuliko kutekwa. Wajerumani wakajenga boma lao, ambalo lingalipo, na mwaka 1912 reli ya kutoka Dar es Salaam ikafika Tabora. Miaka miwili baadaye ilifika Kigoma, na kazi ya wapagazi kwenye njia kuu ikakoma.

Vita Kuu ya Kwanza iliiachia Tabora kumbukumbu isiyo ya kawaida. Meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani na fedha zilikuwa zimeadimika, basi mwaka 1916 Wajerumani wakatumia karakana ya reli kufua sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu yenyewe ikitoka machimbo ya Sekenke. Upande mmoja una tai wa dola yao. Upande wa pili yupo tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima Kilimanjaro. Kazi ile ilikuwa ya muda mfupi tu. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji, yenye askari wengi kutoka Kongo, yaliuteka mji.

Baada ya vita, chini ya Waingereza, Tabora ikawa makutano ya reli, tawi la Mwanza likikamilika mwaka 1928. Ikawa pia mji wa shule: Nyerere alisoma Tabora Boys tangu 1937, kisha akafundisha St. Mary's. Januari 1958 alirudi na chama chake cha TANU kwenye mkutano uliokaribia kukigawa. Je, waingie uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia? Nyerere aliwashawishi waingie. Mwenzao Zuberi Mtemvu, aliyeupinga uamuzi huo, akajitoa na kuunda chama chake. TANU ikashinda uchaguzi ule vizuri mno. Wengi wanauita mkutano huo Uamuzi wa Busara, nami naona jina hilo limestahili.

Leo Tabora ni manispaa na makao makuu ya mkoa wenye wilaya za Uyui, Nzega, Igunga, Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoa unaojulikana kwa tumbaku na asali. Kwa miaka mingi mji ulitegemea bwawa la Igombe, na kiangazi kikikaza maji yakawa ya mgao. Sasa bomba kutoka Ziwa Victoria limefika, likipitia Nzega, na reli ya SGR nayo imechorwa kupita hapahapa, ikigawanyika kwenda Mwanza na Kigoma.