Kozi fupi za programu: nani huhesabiwa kuwa ameajiriwa?

Kozi fupi za uandishi wa programu za kompyuta zilianza kupata umaarufu nchini Marekani mwaka 2012. Mwanafunzi husoma kwa miezi kadhaa tu, kisha huingia katika soko la ajira. Nchini Kenya, Moringa School ilianzishwa jijini Nairobi mwaka 2014.

Shule nyingi za aina hii huvutia wanafunzi kwa kutangaza asilimia ya wahitimu walioajiriwa. Asilimia hiyo hutegemea nani amehesabiwa. Flatiron School ya New York ilitangaza kuwa asilimia 98.5 ya wahitimu wake walipata ajira. Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo alibaini kwamba idadi hiyo ilijumuisha wanagenzi, wenye mikataba ya muda na waliojitegemea, bila wasomaji kuelezwa waziwazi. Oktoba 2017 shule hiyo ilikubali kulipa dola 375,000 kumaliza shauri hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, inafaa kuuliza: walioanza walikuwa wangapi, na waliohitimu wangapi? Wangapi wana kazi ya kudumu ya programu? Je, waliobaki shuleni kama wasaidizi wa walimu nao wamehesabiwa?

Hata mafunzo bora hayaondoi hitaji la uzoefu. Kampuni ya Andela, iliyoanzia Lagos, ilikuwa ikiwafunza na kuwaajiri vijana wa Nairobi, Kampala na Kigali, kisha wakizifanyia kazi kampuni za ng'ambo. Septemba 2019 ilitangaza kupunguza mamia ya waandishi wa programu wasio na uzoefu mkubwa nchini Nigeria, Uganda na Kenya, kwa kuwa wateja walihitaji wabobezi.

Pengo hilo huwashawishi baadhi ya wahitimu kuandika kazi za darasani kana kwamba ni ajira. Maswali machache ya usaili hutosha kuufichua ukweli, na imani ya mwajiri hupotea. Ni salama zaidi kuziweka kazi hizo chini ya kichwa "Miradi", kutaja sehemu uliyoifanya mwenyewe na kuonyesha programu inayofanya kazi. Aliyewahi kuwa mhasibu, mwalimu au muuguzi asiifiche kazi hiyo: huo ni uzoefu halisi, na mwandishi wa programu anayeijua hospitali au shule kwa ndani ana jambo ambalo kozi haikumfundisha.