Lango la Jando: Nchi ya Namungo Baina ya Vita Kuu Mbili

Siku hizi ukitaja Namungo, kijana wa Dar es Salaam anafikiria mpira: timu ya Ruangwa iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019. Hapa nataka kusimulia habari za nchi yenyewe, nchi ya Wamwera, ambayo leo imo katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, katika miaka ile kati ya vita ya Mjerumani na vita ya Hitler. Vitabu vya shule huipita miaka hiyo mbio, vikitoka Maji Maji kwenda moja kwa moja kwenye TANU. Kwa Wamwera ndiyo miaka iliyogeuza mambo mengi kuliko yote, kuanzia jina la mtu hadi mdomo wa mwanamke.

Walianza miaka hiyo wakiwa hoi. Mwaka 1905 Wamwera waliingia vita ya Maji Maji, Selemani Mamba akiwa mmoja wa viongozi wao. Misheni ya Wabenediktini ya Nyangao ikachomwa moto, na Mjerumani akalipiza kwa kuteketeza vyakula na mashamba. Kabla watu hawajapata nguvu, vita ya wageni ikawafuata nyumbani. Jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilikuwa limeweka ghala kubwa la chakula Ruponda. Waingereza waliliteka tarehe 10 Oktoba 1917, na siku tano baadaye pakaanza mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, yaliyowagharimu Waingereza askari wapatao 2,700, waliokufa na waliojeruhiwa. Askari walihesabiwa. Mama ambaye mtama wake ndio uliojaza ghala la Ruponda hakuna aliyemhesabu, wala mwanawe aliyekamatwa kuwa mpagazi. Kisha, mwisho wa 1918, ikaja ile homa ya mafua iliyozunguka dunia.

Mtawala mpya, Mwingereza, alikuja na karatasi zake. Mwaka 1920 nchi ikaitwa Tanganyika. Rupia ikaondoka na shilingi ikashika mahali pake. Mwaka 1922 sheria ikafuta utumwa, na hili huku kusini halikuwa jambo dogo, kwa kuwa misafara ya pembe na watumwa ilikuwa imepita hapa kwenda Lindi na Kilwa, na ndani ya koo walikuwamo watu ambao kila mmoja alijua babu zao waliingiaje. Sheria iliwafungua mikono. Kinywa cha jirani haikuweza kukifunga, na mtu wa namna hiyo alihitaji mahali pengine pa kupata heshima.

Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925 na nia ya kutawala kupitia machifu wa wenyeji. Sheria yake ikatoka mwaka uliofuata. Tatizo ni kwamba Wamwera hawakuwa na mfalme hata mmoja. Walikuwa na wazee wa koo, kila mmoja na watu wake na msitu wake wa matambiko. Serikali ikatafuta machifu mahali pasipo na machifu, na haikosi iliwapata, maana ukitangaza cheo chenye mshahara hutakosa mwenye kukidai.

Kodi nayo ilitaka fedha taslimu. Wengine walilima ufuta na karanga, wengine wakauza nta, na vijana wengi wakateremka kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi. Huko ndiko mambo yalikoanza kuchemka. Kijana alirudi na shilingi zake mfukoni, na kwa desturi ya Wamwera wanaofuata ukoo wa mama, mwenye kauli juu yake alikuwa mjomba. Zamani mjomba alikuwa na kila kitu ambacho kijana alikihitaji. Sasa kijana alikuwa na kanzu, kofia, pengine na habari za ngoma ya beni, ambamo watu walijipanga kama jeshi lenye vyeo vyake. Mjomba alibaki na kitu kimoja tu ambacho fedha ya mkonge haikununua, nacho ni jando.

Hapa lazima tutue. Katika nchi ya Wamwera, kama kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, mtu hakuwa mtu bila jando. Baada ya mavuno, ghala zikiwa zimejaa na mvua ikiwa mbali, wavulana walipelekwa porini. Wakajengewa likumbi la miti na nyasi. Ngariba akafanya kazi yake. Wakakaa humo wiki kwa wiki wakifundishwa kwa nyimbo na mafumbo, chakula kikiletwa na mama zao wasioruhusiwa kuwaona. Siku ya kutoka, likumbi lilichomwa moto. Mwari aliogeshwa, akanyolewa, akapakwa mafuta, akavishwa nguo mpya na kupewa jina jipya. Jina la utotoni lilikufa, na aliyelitaja alimtukana.

Dini zote mbili zilizopigania nchi hii zilipaswa kupitia lango hilo. Uislamu uliliona mapema. Tariqa, yaani vyama vya Kisufi, zilikuwa zimeshapanda kutoka pwani; mwaka 1908 barua moja iliyodaiwa kutoka Makka iliwatia Wajerumani wa Lindi kiwewe. Lakini kuenea kwake vijijini kulikuwa kazi ya miaka ya ishirini na thelathini, tena kazi ya wenyeji wenyewe: mkulima aliyejifunza juzuu chache pwani, akarudi kwao, akajenga msikiti wa udongo na nyasi, akawa mwalimu. Hakuwaambia watu waache jando. Tohara ni suna, alisema, basi na isomewe dua. Siku ya kutoka, mwari akavaa kanzu, na jina jipya likawa Saidi, Hamisi, Rashidi. Sikiliza mpaka leo wazee wa Ruangwa wanavyojitaja: jina la kwanza la Kiarabu, la pili la Kiarabu, na la tatu, la babu, ghafla ni la Kimwera. Hapo katikati ndipo ulipopita wakati ninaousimulia.

Na yule mjukuu wa mtumwa? Katika safu ya sala alisimama bega kwa bega na mwenye ukoo. Naamini hilo lilivuta watu kuliko hotuba yoyote.

Wabenediktini walikuwa na bahati mbaya, na kosa lao wenyewe. Bahati mbaya ni vita: mapadre wa Kijerumani walifukuzwa, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya ishirini. Walimu wa dini wa Kiafrika ndio waliobaki wakishikilia vikundi vidogo vya waumini, huku misikiti ikiota vijiji vya jirani. Kosa ni kwamba kwa muda mrefu misheni ililipiga vita jando. Mzazi Mkristo akajikuta na mtoto ambaye wenzake wanamcheka mtoni na ambaye hatapata mke, na kijiji cha pili kuna mwalimu wa Kiislamu aliye tayari kumpokea.

Kule Masasi, Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa na Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo ilipoundwa mwaka 1926. Lucas aliamua jando liingie kanisani: ngariba abaki, likumbi libaki, ila matambiko yapishe sala na padre awemo. Wazungu wenziwe wengine walimwona amepotoka. Lakini hakuwa peke yake. Mapadre wa Kiafrika wa Masasi, akina Kolumba Msigala, walilijua jando kwa miili yao wenyewe, na bila wao askofu angebomoa asichokijua. Sifa nyingi huandikwa kwa jina la Lucas. Mimi ningezigawa.

Wanawake walibadilika kwa njia yao. Karl Weule, Mjerumani aliyezunguka kusini mwaka 1906 na fonografu yake, aliwakuta wanawake wa Kimwera na ndonya, kile kipande cha mti kwenye mdomo wa juu, kikubwa hata mdomo ukachomoza. Wasichana waliozaliwa baada ya vita walianza kukataa kutobolewa. Hakuna sheria iliyowalazimisha: vijana waliotoka pwani walitaka mke anayefanana na wanawake wa Lindi, na khanga dukani ilikuwa na bei inayofikika.

Ila unyago, jando la wasichana, haukuguswa hivyo. Padre hakuweza kuingia, mwalimu wa chuo cha Kurani hakuweza kuingia, na waliojaribu kuupa sura ya Kikristo walitegemea makungwi walewale wa zamani, ambao walichukua walichokitaka. Wakati huohuo shule zilikuwa zimefika, gazeti la Mambo Leo lilikuwa likisomwa na walimu tangu 1923, Kiswahili kilikuwa kikiingia majumbani. Mwishoni mwa miaka ya arobaini serikali ya Uingereza ilipoleta matrekta Nachingwea kulima karanga, na reli nyuma yake, wataalamu waliandika kwamba wamekuta pori. Wenyeji waliokodiwa kung'oa visiki walikuwa akina Saidi na akina Yohana, mara nyingine wa tumbo moja, na dada zao walikuwa wamechezwa na nyakanga mmoja.