Hoteli, Mkahawa na Mkulima wa Nchi ya Buha



Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya chama chetu kikuu, wenzetu wameandika habari za mizani, za maghala, za pembejeo na za hesabu. Sisi tumeona vema kuandika juu ya jambo ambalo aghalabu halipewi nafasi katika vitabu vya ushirika, nalo ni habari ya mahali pa kula na kunywa: hoteli, mkahawa na kibanda cha mama lishe. Yamkini msomaji atauliza, sahani ya ugali na maharage ina uhusiano gani na ushirika? Jibu letu ni kwamba uhusiano upo, tena ni mkubwa. Mahali anapokula mkulima akiwa mbali na nyumbani kwake ndipo mara nyingi anapopata habari, anapokopa, anapouza, na pengine anapopunjwa. Basi yafaa tujue mahali hapo palianzaje, na tumefikaje hapa tulipo.

Chakula kisichokuwa na bei

Zamani, katika nchi ya Buha, kama katika nchi nyingi za jirani zetu, chakula kilichopikwa kilikuwa cha mgeni. Mtu aliyefika jioni kutoka mbali alikaribishwa, akapewa maji, akala walichokula wenyeji. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika methali hiyo wametaja jembe, wala hawakutaja fedha. Jirani zetu Wahaya walikuwa na desturi ya kumpa mgeni buni zilizochemshwa na kukaushwa azitafune. Na buni mbili zilizomo ndani ya tunda moja zilitumika katika kufunga udugu wa kuchanjiana damu. Tena jambo hilo lilikuwapo kabla ya kahawa kuwa zao la kuuzwa Ulaya.

Hata misafara ilipoanza kupita, ikienda Ujiji kwa biashara ya pembe na watumwa, hoteli hazikuzaliwa. Mpagazi alipewa posho, mara nyingi kwa nguo au ushanga, akaenda kununua nafaka, na yeye na wenzake wa kundi moja wakapika chungu chao wenyewe. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 walikuta soko penye ufuko wa ziwa, lakini soko lile lilikuwa la samaki, nafaka, mawese na chumvi ya Uvinza. Mtu alinunua vitu vibichi, kisha akatafuta moto.

Mkahawa kutoka pwani na ng'ambo

Neno mkahawa, ambalo wengine hutamka mgahawa, limetoka katika neno kahawa, na kahawa imetoka katika Kiarabu. Mti wenyewe asili yake ni Ethiopia, bali desturi ya kunywa kinywaji chake ilienea kwanza kutoka Yemen katika karne ya 15, ambako masufi walikinywa ili wakeshe katika ibada. Mwaka wa 1511 gavana wa Makka aliwapiga watu marufuku kunywa kahawa. Hofu yake haikuwa juu ya kikombe peke yake, bali juu ya watu waliokusanyika kukinywa, kwa maana watu wakikaa pamoja huzungumza. Marufuku hiyo haikudumu. Huko Uingereza nako, mwaka wa 1675, Mfalme Charles wa Pili alitoa amri ya kufunga mikahawa yote kwa sababu hiyo hiyo. Watu wakalalamika, na amri ikaondolewa kabla haijatimizwa.

Kisa kimoja cha huko London chafaa kukumbukwa na kila mwana ushirika. Mnamo miaka ya 1680 mtu mmoja, Edward Lloyd, alikuwa na mkahawa karibu na gati. Wateja wake walikuwa manahodha, wenye merikebu na wafanya biashara. Wakinywa kahawa walipashana habari za merikebu zilizofika na zilizozama, na hatimaye wakaanza kuwekeana dhamana: wengi wachangie hasara ya mmoja. Kutoka katika meza zile lilizaliwa soko kubwa la bima liitwalo Lloyd's, ambalo lingalipo mpaka leo. Bila shaka walikuwa matajiri, nasi ni wakulima. Lakini kanuni yao ya kugawana hasara si ngeni kwetu.

Pwani yetu ilipokea desturi hiyo kwa namna yake. Muuza kahawa hubeba mdila wa shaba juu ya makaa, akagonganisha vikombe vidogo ili asikike mtaani. Kahawa yake ni chungu, haina sukari, na mnywaji huipoza kwa kashata. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, pale paitwapo Jaws Corner, wanaume huketi barazani na vikombe vyao wakajadili siasa. Ujiji nao, uliokuwa na Waarabu na Waswahili tangu katikati ya karne ya 19, ulikuwa kama tawi la pwani katika bara.

Reli, manamba na chai

Mabadiliko makubwa yaliletwa na reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka wa 1905, ukafika Kigoma mwaka wa 1914, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Abiria wa gari moshi hawezi kushuka akapika. Kwa hiyo kwenye vituo wakatokea wauzaji wa vyakula vilivyo tayari, na karibu na vituo zikaota hoteli. Hapa tukumbushe kwamba Waswahili walilichukua neno hoteli wakalipa maana yao: hoteli ya kwetu si lazima iwe na kitanda, yatosha iwe na benchi, meza na birika.

Kisha wakaja wapakiaji wa watu. Serikali ya kikoloni iliufanya mkoa wetu kuwa ghala la nguvu kazi. Mwaka wa 1944 wenye mashamba ya katani waliunda ofisi yao ya kuandika wafanya kazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na vijana wa Kasulu na Kibondo wakapelekwa Tanga na kwingineko kwa maelfu. Waliitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Huko walikuta maisha ambayo mtu hununua chakula kwa mshahara wake, na kikombe cha chai chenye sukari kikawa alama ya mtu mwenye fedha mkononi.

Twasema haya ili msomaji aelewe ajabu moja iliyo mbele yetu mpaka leo. Katika milima ya Buhigwe na Kasulu twalima kahawa ya Arabika iliyo nzuri. Lakini mkulima akiingia hotelini aagiza chai. Buni huchumwa, humenywa, huchachushwa, huoshwa, huanikwa, hupimwa na kuondoka. Wengi wetu twaifahamu kwa uzito wake gunia linapowekwa mizanini, wala hatuifahamu kwa ladha.

Miaka ya vijiji, miaka ya uhaba, na miaka ya kambi

Baada ya uhuru, mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuhamishiwa vijijini, katika Operesheni Kigoma ya mwaka wa 1972. Mwaka wa 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambayo ilitaka maduka ya watu binafsi yafungwe na mahali pake pachukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali, visirudishwe mpaka sheria ya mwaka wa 1982. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni na unga vilikuwa vya kupangiwa foleni. Hoteli isiyo na sukari ni hoteli ya jina tu.

Uhaba huo ndio uliomfanya mama lishe ajulikane kila mahali. Wakati mishahara ilipokuwa haitoshi, wanawake waliweka sufuria kando ya barabara, sokoni na karibu na majengo yanayojengwa, wakauza wali, ugali, maharage na samaki kwa bei ya mtu wa kawaida. Watu waliwaita mama ntilie, kutokana na maneno ya mteja anayenyosha sahani yake. Baadaye jina la mama lishe likaonekana kuwa la heshima zaidi. Hawakuwa na mkopo wa benki, wala hawakuwa na jengo. Mtaji wao ulikuwa sufuria, kuni na uaminifu wa mteja atakayelipa kesho.

Hatuwezi kuandika historia hii tukaacha kutaja Mtabila. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993, Warundi kwa mamia ya maelfu walivuka mpaka, na katika wilaya za Kasulu na Kibondo zikafunguliwa kambi: Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Nduta, Mtendeli, na kuanzia 1996 Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Mkimbizi alipokea mgao wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Lakini mgao si maisha. Katika masoko ya kambi na ya vijiji vya jirani, mkimbizi na mwenyeji walibadilishana mahindi ya mgao kwa ndizi na muhogo, na mwenye ujuzi wa kupika akafungua kibanda. Mahali mtu alipopoteza shamba, nyumba na nchi yake, kuketi kwenye benchi na kuulizwa, utakula nini, kulikuwa ni kurudishiwa sehemu ndogo ya utu. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka wa 2012, na zaidi ya watu 30,000 walirudishwa Burundi katika miezi ya mwisho. Baadaye mahali hapo pakawa na kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa. Benchi zile zilizokuwa na wateja hazipo tena.

Meza moja, mambo mawili

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Meza ya hoteli ina sura mbili. Kwa sura ya kwanza ni shule: hapo bei ya soko husikika, hapo mkulima wa kilima hiki hukutana na mkulima wa kilima kile, na wengi wetu ndipo tulipozungumza habari za kujiunga kabla hatujaitwa mkutanoni. Kwa sura ya pili ni mtego. Mlanguzi hamfuati mkulima shambani penye macho ya majirani; humngoja hotelini, humlipia chai na chapati, humsikiliza shida yake ya ada ya shule au ya dawa, kisha hununua mazao yangali mtini kwa bei ya huruma. Wenzetu wa Kagera huita biashara hiyo butura. Chai ile hugharimu shilingi chache, lakini deni lake hulipwa kwa magunia.

Kuwakataza watu wasiende hotelini ni upuuzi. Gavana wa Makka na mfalme wa Uingereza walijaribu wakashindwa. Dawa ni kuhakikisha kwamba mkulima mwenye shida ana mahali pengine pa kuketi. Chama cha akiba na mikopo kilicho karibu, malipo yasiyochelewa, na karani anayejibu maswali kwa upole, hivyo vitatu vyaweza kumshinda mlanguzi kuliko hotuba kumi.

Tena tuna la kujifunza kwa wakubwa wetu. Chama Kikuu cha KNCU cha Kilimanjaro, kilichoandikishwa mwaka wa 1933, kilifungua mkahawa wake mjini Moshi, na chama cha KCU cha Kagera kikamiliki hoteli mjini Bukoba. Hatusemi tujenge ghorofa. Tufanye hesabu kwanza, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari. Kilo moja ya kahawa safi, ikikaangwa, hupungua uzito kwa kadiri ya sehemu moja ya sita, ikabaki gramu 830 hivi. Kikombe kimoja huhitaji gramu 10. Basi kilo ile ile tunayoiuza kwa bei moja hutoa vikombe 80 na zaidi. Ni kweli kuna gharama ya kuni, sukari, kodi na mpishi. Lakini ni kweli pia kwamba thamani inayobaki katika vikombe vile kwa sasa yaliwa na wengine.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mepesi. Kila mkutano mkuu wa chama cha msingi unywe kahawa ya wanachama wenyewe, iliyokaangwa hapa hapa. Mama lishe walio karibu na maghala yetu wafundishwe kuipika vema, na chama kiwauzie unga wake kwa vipimo vidogo. Mkulima akijua ladha ya kahawa yake atajua pia kwa nini twamsihi achume matunda mekundu tu. Na mnunuzi akija na maneno matamu, mkulima atakuwa na la kumjibu.

Miaka kumi imepita, nasi twawashukuru wote waliovumilia siku za mizani tupu na za malipo yaliyochelewa. Twawashukuru pia wale ambao majina yao hayamo katika daftari la chama, waliowapa wajumbe wetu chakula kwa mkopo wakati safari za ushirika zilipokuwa hazina posho. Na walipwe wanachodai, tena mapema, kabla ya sherehe ya mwaka wa kumi na moja.