Bolti na Mkuki: Tarehe ya Bunduki ya Kuwindia Uasin Gishu

Mtaa wetu wa Pioneer, hapa Eldoret, una jina la Kiingereza lenye maana ya mtangulizi. Vitabu vya enzi ya ukoloni viliwapa sifa hiyo walowezi waliopanda uwandani na magari ya ng'ombe, bunduki zikiwa begani. Tarehe hii inaifuata bunduki yao, ile ya bolti, tangu ilipoingia Uasin Gishu hadi sheria ilipoinyamazisha. Naipenda bunduki hiyo kama kazi ya fundi. Lakini mapenzi yasiyotaja iliyoyatenda ni mapenzi ya kipofu.

Kabla yake walikuwepo Wasirikwa, kisha Wamaasai wa Uasin Gishu, na Wanandi ambao mifugo yao ilizijua nyasi hizi. Wanandi waliwapinga Waingereza kuanzia 1895. Tarehe 19 Oktoba 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na afisa Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani. Baada ya hapo Wanandi wakafungiwa katika eneo lao la akiba, na ardhi ikagawiwa wageni.

Mwaka 1908 wakaja Makaburu. Jansen van Rensburg aliongoza familia 47 kutoka Afrika Kusini. Walisafiri kwa meli hadi Mombasa, kwa reli hadi Nakuru, kisha kwa magari ya ng'ombe kupitia misitu na matope hadi eneo la Sergoit, wakafika Oktoba. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba namba 64, na kutokana na namba hiyo, hadi leo wazee huuita mji huu Sisibo, yaani sitini na nne. Jina la Eldoret lilikuja 1912.

Makaburu hao walikuwa wameizoea Mauser katika vita vyao na Waingereza vya 1899 hadi 1902. Paul Mauser, fundi wa Oberndorf nchini Ujerumani, alikamilisha muundo wake mkuu mwaka 1898, na bunduki nyingi za kuwindia zilizotengenezwa baadaye zimeuiga. Ukiishika, unainua mkono wa bolti, unauvuta nyuma, ganda tupu linaruka nje. Unausukuma mbele, risasi mpya inapanda kutoka kwenye magazini na kuingia chemba. Unaukandamiza chini, na vyuma vinafungamana kama komeo la mlango. Ubavuni mwa bolti kuna ukucha mrefu wa chuma unaolikamata ganda tangu linapotoka kwenye magazini, wala hauliachi mpaka litupwe. Kwa mtu anayekabiliana na nyati hatua chache mbele yake, ukucha huo ndio tofauti ya kurudi nyumbani na kutorudi.

Ufanisi huo ulikuwa na gharama yake. Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja upande wa Uganda, alitumia zaidi bunduki nyepesi, ikiwemo Mauser ya milimita 7 iliyouzwa na Rigby wa London. Katika maisha yake aliua tembo zaidi ya 1,000. Idadi hiyo husimuliwa kama sifa ya shabaha. Mimi huiona kama makaburi.

Mwishoni mwa 1909, Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alifika uwandani hapa. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwemo Springfield ya bolti, ambayo iliufuata muundo wa Mauser kwa karibu kiasi kwamba serikali ya Marekani iliilipa kampuni ya Mauser fidia. Lakini karibu na Sergoit bunduki zilikaa kando. Vijana wa Kinandi walimzunguka simba kwa ngao na mikuki, wakaubana mduara, na simba alipomrukia mmoja wao, mikuki ikammaliza. Roosevelt alitazama na kuandika kwa mshangao. Majina ya vijana wale hayajulikani kama lake.

Leo wakusanyaji wa bunduki kongwe huzitafuta sana zile za Finland, na ukoo wake unatufikia. Kiwanda cha Sako kilianzishwa 1921 na kuhamia mji wa Riihimäki 1927. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kilitengeneza bunduki ndogo ya L46, na katika miaka ya 1950, kwa risasi kubwa, kikatumia bolti za Mauser zilizotoka kampuni ya FN ya Herstal, Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaja L61R, iitwayo Finnbear, yenye bolti ya Sako yenyewe. Mjuzi akiipokea huanza kwa kuifunga na kuifungua bolti polepole, akisikiliza kama inateleza bila kukwaruza. Hukagua namba, rangi ya awali ya chuma, na kitako cha mbao kama hakijakatwa. Mwisho huuliza karatasi zake, maana bunduki isiyo na historia ni chuma tu.

FN hiyohiyo iliundwa 1889 ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki za Mauser. Zaidi ya miaka 100 baadaye, ndiyo iliyojenga mitambo ya kiwanda cha risasi hapa Eldoret. Uzi ulioanzia Oberndorf ukapita Herstal na kutufikia sisi.

Uwindaji wenyewe ulikuwa umekwisha. Tarehe 19 Mei 1977, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori kwa burudani, na leseni zote zikafutwa. Chama cha wawindaji wa kulipwa cha Afrika Mashariki, kilichoundwa 1934, kikavunjwa mwaka huohuo. Makaburu wengi walikuwa wameshaondoka karibu na uhuru. Leo raia kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki Kenya bila cheti.

Kuna mkusanyo mwingine wa kukumbukwa. Fimbo tatu za uongozi za Koitalel zilikaa Uingereza mikononi mwa familia ya Meinertzhagen kwa takriban karne nzima, zikarudishwa 2006. Fimbo hizo zilikuwa na thamani kwa sababu watu waliendelea kukumbuka zilitoka wapi na zilichukuliwaje. Bunduki ipimwe kwa mizani hiyohiyo. Namba yake na jina la mwenye leseni viandikwe, na pia jina la mbeba bunduki aliyeibeba juani, na la ardhi iliyonyakuliwa kwa nguvu yake. Na anayeandika habari za watangulizi wa uwanda huu, aanze na mkuki.