Kutoka Lulindi Hadi Mnero: Tiba ya Mafukara wa Kusini

Mwaka 2025 ilitimia miaka 90 tangu Leader Stirling, tabibu mpasuaji wa Kiingereza, ashuke katika nchi ya Tanganyika akiwa ametumwa na ile misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu ijulikanayo kwa herufi zake nne, UMCA. Na kwa kuwa hospitali alizozitumikia huko Kusini, Lulindi katika wilaya ya Masasi na Mnero katika wilaya ya Nachingwea, ziko mbali na njia wapitazo wakubwa, nimeona haifai kumbukumbu hiyo ipite bila ya kuandikwa, walau kwa mukhtasari, habari ya tiba iliyotolewa kwa mafukara kwa ajili ya Mungu. Nimetegemea zaidi vitabu viwili vya Stirling mwenyewe, cha mwaka 1947 na cha mwaka 1977, pamoja na utafiti wa mwanahistoria Terence Ranger juu ya uganga wa misheni katika nchi ya Masasi.

Asili ya mambo yenyewe ni mashuhuri. Msafiri Livingstone alitoa Cambridge, mwaka 1857, wito uliozaa UMCA. Askofu Edward Steere akawapeleka Masasi, mwaka 1876, watu walioachwa huru kutoka utumwani Unguja. Vita vya Majimaji vikaiunguza misheni hiyo mwaka 1905. Na mwaka uliofuata Wabenedikto, watawa wa Kikatoliki kutoka Ujerumani, wakaanzisha makao yao Ndanda, si mbali na hapo, hata Kusini ikawa na madhehebu mawili yaliyopakana, kila moja likiwa na kanisa lake, skuli yake na dawa zake.

Lililowavuta watu katika zahanati za misheni, baina ya vita viwili vikuu, ni maradhi ya buba. Maradhi hayo yalikuwa yakila ngozi za watoto na kupinda mifupa ya watu wazima, wala hapakuwa na dawa ya kienyeji iliyoyaweza, mpaka zilipoletwa sindano za arseniki na za bismuthi, ambazo zilikausha vidonda kwa muda mfupi mno hata Wayao, Wamakua na Wamakonde wakafunga safari za miguu, wazazi wakibeba watoto migongoni, kuitafuta sindano hiyo na kukataa dawa nyingine yoyote. Wamisionari walitaraji kwamba mtu aliyeponywa buba angemwacha mganga wake na kuifuata Injili. Walakini watu waliipokea sindano kwa shukrani, wakaenda zao, na maradhi mengine wakaendelea kuyapeleka kwa waganga wao kama kawaida. Mimi siwalaumu hata kidogo, kwa sababu ihsani iliyowekewa sharti haiwi ihsani tena, na ni fahari ya zahanati zile kwamba asiyekuwa Mkristo alitibiwa sawa na aliyekuwa Mkristo.

Stirling alipofika Lulindi alikuta kazi ya kufanywa katika nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi, na humo akapasua wagonjwa na kuwafunza vijana wa palepale uuguzi, jambo ambalo kwa maoni yangu lilizidi upasuaji wake wote kwa faida, maana daktari ni mmoja na vijiji ni vingi. Alikaa na UMCA kwa miaka 14. Kisha mwaka 1949 akaingia Kanisa Katoliki, na kwa hiyo akawahama Waanglikana aliowatumikia tangu ujana wake, akaenda kwa Wabenedikto, Mnero.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwani wakati ule ule jirani ya Mnero palikuwa na tamasha ambalo Kusini haijapata kuona mfano wake. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilikuwa imeazimia kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea; ikaleta matrekta, na mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vyombo vya kilimo; ikajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuingia bara; ikaajiri maelfu ya watu; na yote hayo bila ya kuipima sawasawa mvua wala kuujua vema udongo. Mwaka 1951 shauri lote likaachwa, baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36, na reli nayo ikang'olewa miaka zaidi ya kumi baadaye. Laiti sehemu ndogo tu ya mali ile ingalielekezwa kwenye zahanati za vijiji, sijui ni watoto wangapi wa Nachingwea wangaliokoka. Lakini matabibu wa misheni walikuwa wakiishi kwa sadaka za waumini wa ng'ambo na ruzuku haba ya serikali, wakihesabu bendeji na kufua zilizokwisha kutumika. Mashamba yale yalirudi kuwa pori, na Mnero ikaendelea kupokea wagonjwa.

Stirling alikaa Mnero mpaka 1964, akahamia Kibosho, Kilimanjaro. Tangu 1958 alikuwa mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria na baadaye Bunge, akawa raia wa Tanzania, na kuanzia 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya. Katika muda huo, mwaka 1977, ilipitishwa sheria ya kukataza tiba ya kibiashara, ikaziachia hospitali za mashirika ya dini kuendelea. Na mtu aliyeanza kazi chini ya paa la nyasi Lulindi hawezi kuwa aliiona tiba hiyo isiyo ya faida kuwa jambo geni. Alifariki mwaka 2003.

Yaliyofuata yaeleweka. Katazo lile liliondolewa mwaka 1991, uchangiaji wa gharama ukaingia hospitali za serikali mwaka 1993, na hospitali za makanisa, misaada ya ng'ambo ilipopungua, nazo zikalazimika kutoza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, nasi twangoja kuona itamfikiaje mkulima wa korosho asiye na mshahara.

Jambo moja linanikera. Majina ya matabibu wa Kizungu tunayo vitabuni, lakini wauguzi wa Kiyao na Kimakua waliochoma sindano zile za buba, wakakesha na wazazi wenye uchungu na kutembea vijijini, majina yao yamo, kama yamo, katika daftari za zamani za misheni. Dayosisi ya Masasi na abasia ya Ndanda zingefanya jambo jema kuzikusanya daftari hizo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kingefanya jema zaidi kumtuma mwanafunzi mmoja akazisome, maadamu wangaliko wazee wawezao kumwambia nani ni nani.