Jengo kongwe la kiwanja cha ndege: kabla ya kushika mwiko, shika karatasi

Huu ni mwaka wangu wa sita nikiishi Kisii. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na kazi yangu tangu ujana ni kuta za mawe na chokaa. Huku wenyeji wananiita Fundi wa Pwani, na mtu akiwa na ukuta uliopasuka hunijia.

Majuzi walinijia vijana kumi na wawili, wengine wa hapa Kisii na wengine wa Nyamira. Hawakuwa na nyumba ya kurekebisha. Walikuwa na habari ya chumba cha zamani cha kiwanja kidogo cha ndege: kuta za mawe, paa la mabati, veranda fupi, na mlingoti ambao zamani ulibeba mfuko wa kuonyesha upepo. Walisikia kiwanja kitapanuliwa na chumba kiondolewe. Walitaka kujitolea wakiokoe. Mmoja akaniuliza, "Fundi, tutahitaji rangi debe ngapi?"

Swali hilo la rangi ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kiwanja chenyewe sikitaji, kwa kuwa mazungumzo na wenye mamlaka hayajaisha. Lakini niliyowaambia yanamfaa kila anayetaka kuokoa jengo la umma, awe Kisii, Nyamira, Malindi au Lamu.

Kwa nini kichumba kama hicho kina maana

Watu wa Kisii na Nyamira wakitaka kupanda ndege karibu na nyumbani, jina linalotajwa ni Suneka, kiwanja kilicho kando ya barabara kuu ya kutoka Kisii kwenda Migori. Wengine huenda Kisumu. Ukiwauliza vijana historia ya safari za ndege, watakutajia Nairobi na Mombasa tu. Wanasahau kwamba eneo hili la ziwa lilitangulia.

Mnamo Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari ya kila wiki kutoka Croydon, London, hadi Mwanza, ikipitia Misri, Sudan, Uganda na Kisumu. Sehemu ya safari hiyo ilifanywa kwa ndege zinazotua juu ya maji. Barua iliyokuwa ikikaa baharini majuma kadhaa sasa ilifika kwa siku chache.

Viwanja vidogo navyo vina mambo yake. Mnamo tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth alipopata habari akiwa Kenya kwamba babake amefariki na yeye sasa ni malkia, aliondoka kwa ndege kutoka Nanyuki hadi Entebbe, kisha akaelekea London. Habari ya dunia nzima ilipita katika kiwanja cha mji mdogo.

Na si kumbukumbu zote ni tamu. Uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka wa 1958, ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa wakati wa Mau Mau. Kwa hivyo tunapolinda jengo la zamani hatumpigii mkoloni makofi. Tunahifadhi ushahidi, pamoja na habari za waliobeba mawe.

Mlango wa Lamu una sheria yake

Hapa ndipo sisi wa pwani tunapojidanganya. Tumezoea kuona mambo ya kale yakilindwa, tukadhani kila cha zamani kina ulinzi. Sivyo.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inautaja waziwazi mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946, kuwa ni kifaa kinacholindwa. Mlango wa nyanya yako kule Lamu una ulinzi huo hata kama hakuna afisa aliyewahi kuuona. Lakini kichumba cha kiwanja cha ndege hakina bahati hiyo. Hakilindwi kwa umri wake wala kwa uzuri wake. Ni lazima waziri anayehusika, baada ya kushauriana na Makavazi ya Taifa, akitangaze katika Gazeti Rasmi la Serikali. Sheria inaruhusu jengo la umri wowote kutangazwa, mradi lina thamani ya historia. Baada ya tangazo, mwenye pingamizi hupewa miezi miwili kulileta.

Maana yake ni hii: mpaka siku ya tangazo, jengo lenu ni mali ya kawaida. Mnaweza kulipaka rangi Jumamosi, na tingatinga likaja Jumatatu bila kuvunja sheria yoyote ya turathi.

Kwanza, jueni mwenyewe ni nani

Viwanja vingi vya umma viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, KAA, iliyoundwa mwaka wa 1991. Lakini vipo vilivyo katika mashamba makubwa, vya misheni, na vya watu binafsi. Nendeni afisi ya ardhi mkaulize ardhi imeandikwa jina la nani. Msitegemee maneno ya kijiweni.

Pili, kuweni kitu kinachotambulika. Vijana kumi na wawili wenye nia njema si kitu mbele ya afisi yoyote. Kikundi kilichosajiliwa ni kitu. Kwa Sheria ya Kusajili Vikundi vya Kijamii ya 2022, watu kumi wanatosha kuanza, wakiwa na katiba yao na viongozi wao.

Tatu, andikeni barua mbili. Moja iende kwa mwenye kiwanja, kuomba ruhusa ya kuingia, kupiga picha na kupima. Ya pili iende Makavazi ya Taifa, kuomba mtaalamu aje atazame. Kila barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwenu. Nakala yenye muhuri ni silaha. Siku mtu akisema hakujua kwamba wananchi wanalithamini jengo lile, mtamwonyesha tarehe.

Kiwanja si uwanja wa mpira

Kujitolea kwenye kiwanja cha ndege hakufanani na kujitolea shuleni au msikitini. Msumari mmoja, kipande cha bati, hata mfuko mtupu wa simiti unaopeperuka, unaweza kuingia kwenye injini au kupasua gurudumu. Mnamo tarehe 25 Julai 2000, ndege ya Concorde ilianguka karibu na Paris baada ya gurudumu lake kukanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege nyingine. Watu wote 109 waliokuwamo walikufa, na wengine wanne waliokuwa chini.

Kwa hivyo kila siku ya kazi ianze na ifungwe kwa kuhesabu vifaa. Hakuna kuchoma taka. Hakuna kurusha droni kwa ajili ya picha bila kibali cha Mamlaka ya Safari za Ndege. Hakuna kukatiza njia ya kurukia kwa sababu eti ndege hazijaonekana tangu asubuhi. Na watoto wabaki nyumbani.

Kosa nililolifanya mwenyewe

Sasa niseme la aibu. Miaka mingi nyuma, nyumbani, tulijitolea kuikarabati nyumba ya bibi mmoja mjane. Ukuta ulikuwa wa matumbawe na chokaa, dari ya boriti. Tulikuwa vijana, tuna nguvu, na tulichangiwa simiti bure. Tukaupiga ukuta wote plasta ya simiti, tukamalizia kwa rangi ya mafuta. Nyumba ikang'aa. Tukapigwa picha.

Baada ya masika matatu plasta ilianza kuvimba. Maji yaliyokuwa yakiingia ukutani na kutoka yenyewe kupitia chokaa, sasa yalinaswa ndani. Chumvi ikaula ukuta, vichwa vya boriti vikaoza, na chumba cha juu kikashuka. Bibi yule akahamia kwa mwanawe na hakurudi tena katika nyumba yake. Hakuna aliyetulaumu, maana tulikuwa tumejitolea. Lakini mimi najua nani aliyeiua nyumba ile.

Kisii hakuna chumvi ya bahari, lakini kuna mvua. Hizi ni nyanda za juu, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Adui ni yuleyule: maji yaliyokosa njia ya kutoka. Kanuni niliyowapa vijana ni moja. Udongo au chokaa ya kuunganishia isiwe ngumu kuliko ile ya mwanzo, wala isiwe ngumu kuliko jiwe lenyewe. Kwanguza kiungo kwa msumari. Kikimomonyoka kama unga, usikijaze simiti. Chokaa haiko mbali, hapo Koru inachomwa.

Mpangilio wa kazi

Ruhusa ikipatikana, fuateni mpangilio huu, wala msiruke hatua.

Moja, pigeni picha kila upande, ndani na nje, kisha pimeni na kuchora. Andikeni tarehe. Hata jengo likibomolewa kesho, hiyo itabaki.

Mbili, tazameni hatari. Majengo mengi ya zamani ya serikali yaliezekwa kwa asbesto, yale mabamba ya kijivu yanayofanana na simiti. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu, na huonekana baada ya miaka mingi. Msiliguse, msilivunje, msilikate kwa msumeno. Kuliondoa ni kazi ya wenye leseni chini ya NEMA. Rangi za zamani nazo huweza kuwa na risasi, kwa hivyo msizikwangue zikiwa kavu.

Tatu, rekebisheni paa na mifereji ya mvua. Bati moja lililong'oka linaweza kuangusha ukuta uliostahimili miaka sabini.

Nne, ondoeni udongo na majani yaliyojikusanya chini ya ukuta, mkachimbe mtaro wa kupeleka maji mbali. Kazi hii haihitaji fundi, na ndiyo inayookoa majengo mengi.

Tano, mbao. Tafuteni njia za mchwa. Kateni kipande kilichooza tu, mkaunge kipya. Dirisha la zamani halitupwi kwa sababu kona moja imeoza.

Sita, kuta. Saba, na ya mwisho kabisa, rangi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo, lakini ukiuziba kwa kisichofaa utaujenga vilevile.

Wazee ni sehemu ya jengo

Wagusii wana desturi ya risaga: majirani hukusanyika kulima au kujenga kwa mmoja wao, kesho kwa mwingine. Sisi tunaijua kama ujima. Vijana hawa wanataka kuitumia kwa siku za kazi, na ni jambo zuri. Niliwaongezea: kabla ya risaga ya majembe, fanyeni risaga ya masikio. Watafuteni waliofyeka nyasi za kiwanja, waliolinda usiku, waliobeba mizigo, akina mama waliouza ndizi na chai pale nje. Waulizeni, warekodini kwa simu, kwa Ekegusii chao, kwa idhini yao. Ukuta unaweza kungoja msimu mmoja. Mzee wa miaka themanini na mitano hangoji.

Na siku ya kuweka kibao cha maelezo, msinunue cha plastiki. Tabaka iko hapo, na wachongaji wake wanajulikana duniani kwa mawe yao laini.

Likishapona litafanya nini?

Jengo lisilotumika hufa mara ya pili. Pale Croydon, zilikoanzia zile safari za 1931, uwanja ulifungwa mwaka wa 1959. Jengo lake la abiria la mwaka 1928 liko hadi leo. Sehemu kubwa ni afisi za kukodisha, na katika sehemu yake watu wa kujitolea wanaendesha maonyesho ya historia ya uwanja. Kodi inalipia paa, na wanaojitolea wanalinda habari. Nairobi nako, klabu ya marubani iliyoanzishwa mwaka wa 1927 ingali na makao yake Wilson, kwa sababu watu bado wanakula na kukutana pale.

Kwa kichumba cha vyumba viwili si lazima tuote makavazi makubwa. Kinaweza kuwa mahali pa abiria kungojea, na picha za zamani ukutani. Kinaweza kuwa duka la vinyago vya Tabaka na majani ya chai ya Nyamira. Mwenye kiwanja akiona jengo linamfaa, hatakuwa na haraka ya kulibomoa. Hoja hiyo nayo iandikwe kwenye barua.

Vijana wangu wamesajili kikundi. Wiki iliyopita walirudi kwangu na nakala mbili za barua, kila moja na muhuri wake. Jibu halijaja. Rangi hawajanunua hata debe moja, na yule aliyeuliza swali la kwanza sasa ndiye anayeweka faili.